Namna ya kumjua paka pori, mondo na simbamangu ukikutana nao

Usiku kitu cha madoadoa kikikatiza mbele ya taa za gari, wengi wanasema huyo mtoto wa chui, na huko vijijini mnyama anapigwa mawe mpaka anakufa wakati yeye kazi yake ni kula panya wa mashambani. Inauma sana, kwa hiyo jifunzeni kuwatofautisha paka hawa watatu wa porini.

Usianze na rangi, taa inadanganya, anza na masikio na mkia.

Mondo ndo rahisi. Miguu mirefu kuliko unavyotegemea, masikio makubwa yamesogeleana juu ya kichwa na kwa nyuma ni meusi yenye baka jeupe, halafu mkia mfupi kabisa, mtoto wa chui ana mkia mrefu kwa hiyo hapo tu ushajua. Ukimkuta Ngorongoro mchana usimfukuzie na gari, zima injini utulie, utamwona amesimama kwenye nyasi anasikiliza panya, masikio yanageuka kidogo kidogo, mara anaruka juu anamshukia panya kwa miguu ya mbele. Aberdare na Mlima Kenya wapo hadi weusi tii.

Simbamangu hana madoa, ni wa rangi ya udongo mwekundu, na ncha za masikio zina vishungi vyeusi. Huyu anadaka ndege hewani.

Mgumu ni paka pori mwenyewe, maana paka wetu wa nyumbani wametokana na jamii yake kule Mashariki ya Kati, karibu miaka 10,000 iliyopita. Angalia nyuma ya masikio, pana wekundu wa kutu, miguu mirefu inayomfanya akikaa kitako awe wima sana, na mkia mwembamba wenye pete karibu na ncha, ncha yenyewe nyeusi.

Kanu, mnyama mdogo naye wa madoadoa, msimchanganye humu jamani, sio paka, ni ndugu wa fungo: pua imechongoka, miguu mifupi, mkia mrefu una pete mwanzo mwisho.

Ukikuta vitoto kwenye nyasi viache hapohapo, mama kaenda kuwinda. Na kama unaishi jirani na hifadhi, paka wako wa nyumbani, dume lihasiwe, jike lifungwe kizazi, wote wapate chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu paka pori anazaana na paka wa mtaani na damu yake halisi inapotea kimyakimya, tena magonjwa anayapata hukohuko.