Meni swichi ikizimwa, boksi la stima bado lina umeme

Ndugu zangu wa Lamu, hasa mlio na nyumba zinazopigwa na upepo wa bahari huko Shela: ile swichi pana kwenye boksi la stima, meni swichi, wengi huidhania ndiyo mlinzi wa nyumba. Siyo. Kazi yake ni kutenga nyumba na umeme tu. Kwenye nyumba ya fezi moja, yaani yenye waya mmoja tu unaoleta umeme, hukata laini (waya huo) na nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwa pamoja. Waya zikigusana au mzigo ukizidi, inayojiangusha ni sakiti breka, zile swichi ndogo kando yake.

Na ukishaizima, skrubu zinazopokea waya kutoka kwenye mita bado zina volti 240. Hapo ndipo hatari ilipo, maana taa zimezimika na mtu anaona yuko salama. Kifuniko usikifungue. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi na petroli ya Kenya, naye apime kwanza kabla hajatia bisibisi.

Mwambie akaze na skrubu zote. Hewa yetu ya chumvi hula shaba mpaka ikaota kijani, na kiungo kilicholegea hupata moto. Plastiki ikigeuka hudhurungi kando ya waya, au ukisikia harufu ya kuungua, usingoje kesho.

Ukizima, anza na breka ndogo, meni iwe ya mwisho. Ukiwasha, meni kwanza, kisha breka mojamoja. Na tafadhali, boksi msilizibe kwa kabati. Usiku wa dharura mkono ulifikie.