SOMO: Mbinu za mashushushu wa kwenye riwaya zinazomfaa mtu wa kawaida hapa Dar (soma yote kabla hujauliza)

Wakuu, habari za jioni.

Naandika mara moja ili nikiulizwa tena nibandike tu. Tangu niseme kwamba riwaya za kijasusi zimenisaidia kibandani, kila wiki napata ujumbe: "mkuu nifundishe ushushushu." Sina ushushushu wowote. Mimi ni wakala wa pesa za simu Kariakoo, na mchana wateja wakipungua nasoma, kuanzia Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa mpaka za Wazungu. Bastola na warembo waacheni humo humo vitabuni. Kinachobaki ni hiki.

Hatua ya 1: Fanana na wengine. John le Carré alifanya kazi kweli kwenye ujasusi wa Uingereza kabla ya kuishi kwa kalamu, na Smiley, shushushu wa riwaya zake, ni mfupi, mnene, nguo hazimkai. Ukipishana naye Msimbazi, ukifika Gerezani umeshamsahau. Mbeba hela za watu awe hivyo.

Hatua ya 2: Usioneshe hela. Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, aliwauzia Wasovieti siri kuanzia 1985. Kwa mshahara wa serikali akanunua nyumba ya dola 540,000 taslimu na kuendesha Jaguar. Alikamatwa Februari 1994, na matanuzi hayo yalikuwa sehemu ya kilichomuumbua. Halafu wewe unaweka mabunda kwenye status.

Hatua ya 3: Wekeni neno la siri nyumbani. Riwayani watu wawili wasiojuana hutambuana kwa swali na jibu walilopangiwa. Sisi kila siku tunapata "ile hela tuma kwenye namba hii", na siku hizi wanapiga kabisa: mwanao kapata ajali, tuma haraka. Kwangu, anayeomba hela kwa namba ngeni anaulizwa swali moja ambalo jibu lake halimo mtandaoni. Akikasirika, kata, piga namba unayoijua. Ujumbe wa tapeli upeleke 15040.

Hatua ya 4: Badilisha njia. Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo tulieni.

Kwa wiki tatu nilijiona kachero. Leo natoka Kariakoo kwa Jangwani na Magomeni, kesho Uhuru, Ilala Boma, naibukia Kawawa Road. Nyumbani ni Kigogo. Jumamosi moja, hatua kama kumi kabla ya geti langu, vijana wawili walikuwa wamekaa kwenye tofali wakinisubiri. Milioni moja na laki nne, pamoja na simu. Hawakunifuata popote. Wangenifuata kwa sababu gani, wakati njia zote mbili zinaishia kwenye kichochoro kimoja, na mimi nafunga banda saa mbili na robo kila siku Mungu aliyoileta? Katikati nilibadilisha, miisho sikuigusa. Kibaya zaidi, bodaboda alikuwa yule yule, na mimi kwa ujuaji nilikuwa namwambia njia ya kesho. Simshutumu, sina ushahidi. Lakini alijua, na kijiweni kwao watu wanaongea.

Huko kwa wakubwa ni vile vile. Machi 16, 1978, Aldo Moro, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Italia, alitekwa Roma asubuhi akielekea bungeni, mtaa wa Via Fani, si mbali na kwake, kwenye njia aliyozoea. Walinzi wake watano waliuawa. Bunduki walikuwa nazo.

Kwa hiyo ONYO: anza na saa, ndipo uje kwenye njia. Funga mapema siku moja, chelewa nyingine, na siku nyingine usibebe kitu kabisa, hela ilale benki kama floti (mtaji wa wakala). Badilisha dereva. Geti lako lichunguze ukiwa mbali. Ukiona usiowajua wamekaa, pitiliza kama vile hapo si kwako. ONYO la pili: usijidanganye kwamba umemaliza kwa sababu umezunguka sana. Kuzunguka kunachosha tu.

Hatua ya 5: Ukihisi unafuatwa. Sura moja mara mbili Kariakoo si kitu, wote tunakwenda sokoni. Sura ile ile Kariakoo, tena Magomeni, tena baada ya wewe kugeuza ulikotoka, hiyo ina neno. Usimkabili. Ingia penye watu na taa, kituo cha polisi kikiwa karibu ndiyo bora. Usimpeleke kwako.

Hatua ya 6: Asiyehusika asijue.

Hatua ya 7: Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoijua, iripoti kwa mtandao husika.

Nawasilisha.

MASWALI

Kipanga wa Tabata: Mkuu, nimesoma juu juu. Kuna programu gani ya kusikiliza simu za wife?
– Kunasa mawasiliano ya mtu kuna kesi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Ongea na mkeo. Na rudi usome.

Mzito Kabisa: Huyu ni wa kitengo, anatupima.
– Shushushu gani anashinda kibandani akigombezwa kwa sababu mtandao umekata?

Mtu wa Pwani: Hatua ya 4 ni uoga tu. Miaka nane napita njia moja, sijaguswa.
– Hongera. Na mimi ningekuambia hivyo hivyo ile Ijumaa.

Binti Mbagala: Kaka, natoka kazini Posta saa nne usiku, zamu ndiyo hiyo, siwezi kubadilisha saa wala kituo. Nashuka Rangi Tatu. Nifanyeje?
– Dada, swali zuri, nilitakiwa kuliandika mimi. Kama saa haibadiliki, usiifikie miisho yako peke yako. Kabla hujashuka piga simu nyumbani, mtu atoke awashe taa ya nje na afungue geti ukiwa bado njiani. Funguo ziwe mkononi tangu kituoni. Anayechakura pochi getini amegeuzia dunia mgongo. Bajaji piga picha namba yake, itume, na dereva akusikie ukisema "nimeshakutumia." Mkipatana wasichana wawili watatu wa upande huo mkashuka pamoja, ni bora kuliko yote niliyoandika hapo juu.
Binti Mbagala: Hiyo ya taa naanza leo. Asante sana, kaka.

Msomaji Mdogo: Shikamoo mkuu. Kwenye hadithi wanaona nyuma bila kugeuka. Inawezekana kweli?
– Marahaba. Vioo vya maduka vinapendwa sana vitabuni, ila mtu akiganda mbele ya kioo anajulikana. Vuka barabara, mdogo wangu. Anayevuka lazima aangalie kulia na kushoto, na hakuna anayemshangaa. Ukivuka mara mbili umeshaona mtaa mzima. Jaribu Lumumba mchana, ila uangalie na magari kweli.

Fundi Saa: Kwenye ile hatua ya kwanza, hela unabebea nini hasa? Mimi begi la mgongoni.
– Begi linasema "nina kitu." Zamani mfuko wa Rambo, ule wa plastiki, ulitosha, ila mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019. Nikahamia kikapu cha ukindu, juu mchicha. Onyo: mchicha wa sokoni umemwagiwa maji, siku moja nilihesabu laki sita zimelowa. Nikaweka vitunguu.
Mama Kitoweo: Mimi niliwahi kuweka dagaa. Dada wa dirishani benki alinusa noti, akaniangalia, akanusa tena.
– Dagaa hapana, mama yangu. Vitunguu.

Kipanga wa Tabata: Sasa mkuu si umeshatutajia kikapu chako? Na hatua ya 6 je?
– Kumbe umesoma. Kikapu nilikiacha kabla sijaandika huu uzi.