Jinsi ya kusoma vitu vilivyomo katika picha za watu za karne ya 19

Kwanza, tambua aina ya picha uliyo nayo. Dagerotipu, yaani picha ya mwanzo iliyopigwa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha na iliyotangazwa Ufaransa mwaka 1839, na picha za bati zilizokuja baadaye kwa kawaida huonyesha kila kitu kimegeuka kama kwenye kioo, kwa hiyo pete unayoiona mkono wa kulia huenda ilivaliwa wa kushoto. Kagua koti la mwanamume: upande wa vifungo ukiwa umebadilika, picha imegeuka. Picha za kadi, yaani picha ndogo zilizobandikwa kwenye kadi, ambazo mpigapicha Mfaransa Disdéri alizipatia hataza Paris mwaka 1854, zilichapishwa kwenye karatasi na hazina taabu hiyo.

Pili, tenga mali ya studio na mali ya mtu mwenyewe. Linganisha picha kadhaa za studio hiyohiyo. Pazia au meza inayojirudia kwa wateja mbalimbali haikuelezi maisha ya yeyote kati yao, bali hadhi ambayo mpigapicha aliwauzia wote. (Nguzo ya mawe iliyosimama juu ya zulia ikutie shaka mapema.)

Tatu, shika lenzi ya kukuzia na uanze na mikono, kwa maana kilichoshikwa kina uzito kuliko kilichowekwa kando. Chukua mfano wa kadi za mwaka 1864 za Sojourner Truth, Mmarekani aliyezaliwa utumwani na kujikomboa mwenyewe mwaka 1826. Katika mojawapo ameketi, amevaa miwani, kofia nyeupe na shali, ameshika kazi ya kufuma ambayo uzi wake unateremka juu ya gauni. Mezani kuna kitabu na maua. Truth hakujua kusoma, hivyo kitabu nakihesabu kuwa pambo. Ufumaji ni jambo jingine: unamtambulisha kuwa mwanamke mwenye heshima na anayejitegemea, na maandishi ya chini yanaunga mkono usomaji huo, kwani yanasema anauza kivuli (yaani picha yake) ili kukitegemeza kilicho halisi (yaani yeye mwenyewe). Kadi hizo aliziuza kweli ili kujikimu.

Nne, usiharakishe kutangaza msiba. Gauni jeusi la hariri mara nyingi lilikuwa tu nguo bora ya mwanamke. Ushahidi wenye nguvu zaidi ni kidani chenye nywele, au picha ya mtu mwingine iliyoshikwa mkononi, ingawa hata huyo huenda alikuwa safarini.

Mwisho, geuza kadi. Jina la studio litakurahisishia hatua ya pili, na ikiwa ni ya Marekani yenye stempu ya kodi, iliuzwa kati ya Septemba 1864 na mwanzoni mwa Agosti 1866.