SOMO: Jinsi ya kutofautisha mikonge inayofanana (jani peke yake litakudanganya)

Mwangaluka wakubwa kwa wadogo. Hili somo nililiahidi muda sasa nalishusha lote, ni refu kidogo, kama uko kwenye daladala lisevu utasoma ukifika.

Ishu yenyewe iko hivi. Ukitoka Tabora mjini kwenda Sikonge, au ukielekea Nzega, kwenye mipaka ya mashamba, makaburini, nyuma ya mashule, kuna mimea ya majani marefu yenye ncha kali na kila mtu anaiita mkonge, basi, imeisha. Ila ukisimama ukaiangalia vizuri unakuta mmoja una meno pembeni mwa jani mwingine hauna, huu wa kijani ule una rangi ya majivu, na hapo ndo watu wanaanza kutuma picha wanasema nimepata aina mpya. Hakuna aina mpya jamani. Na kingine, hawa wote ni wageni, jenasi ya Agave ina spishi kama 200 na zote asili yake ni Amerika, nyingi zaidi Meksiko. Ukikuta umeota porini Uyui ujue ulitoroka kwenye ua wa mtu au mwenye shamba alihama ukabaki wenyewe.

Kabla ya hatua, shikeni hili maana ndo moyo wa somo: kuna tabia za ukoo na kuna tabia za mahali ulipoota. Mkonge wa kawaida, Agave sisalana, una seti 5 za kromosomu badala ya 2, ndo maana mbegu kwake ni za nadra mno, unajizidisha kwa machipukizi ya chini na vitoto vinavyoota juu kwenye mlingoti (lile shina refu la maua). Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vitoto 1000 kutoka Florida, vikafika Tanga vizima 62 tu, na mashamba ya mwanzo ya nchi hii yalianzia hapo. Maana yake sisalana unayoiona Urambo na unayoiona Korogwe ni kama nakala ya mmea mmoja. Sasa zikitofautiana urefu, upana, rangi, hiyo sio spishi, hiyo ni mchanga, kivuli, umri na mbuzi. Kwa hiyo kila unachokiona jiulize kwanza, hiki ni cha ukoo au cha shamba?

HATUA YA KWANZA: hakikisha ni Agave kweli.
Vunja jani. Ukikuta ute mwingi na nyuzi hazieleweki, na maua yake ni mekundu au ya chungwa ya kamrija, huyo ni shubiri (mwingine anamwita aloe vera), ni ukoo mwingine kabisa. Kama majani yanatoka ardhini moja moja au machache machache, hakuna meno, yana mabaka mabaka ya kijani hafifu na kijani kizito, huyo ni mkonge pori wa kwetu Afrika, Sansevieria, ambaye siku hizi wataalamu wamemhamishia kwenye jenasi ya Dracaena. Matunda yake ni mviringo ya rangi ya chungwa, wakati Agave tunda lake ni kavu, linapasuka, ndani kuna mbegu bapa zimepangana. Hapa hakuna kubishana, ukiona tunda umemaliza.

Anayesumbua ni Furcraea foetida. Huyu ni ndugu wa karibu wa Agave na kwa mbali utaapa ni mkonge. Jani lake ni la kijani cha kung'aa, pana, linalegea, kingo zina mawimbi, na meno kama yapo yanakuwa machache kule chini karibu na shina. Gusa ncha (taratibu). Kama haikuchomi, shtuka, maana sisalana ncha yake ni mwiba wa sentimita 2 na kitu, kahawia iliyokolea, inatoboa hadi kandambili. Halafu likitoa maua utaona yananing'inia yakiangalia chini, meupe ya kijani kijani, na zile nyuzi za kiume (zinazobeba chavua) zimevimba chini na hazitokezi nje. Agave zetu za hapa maua yanatazama juu na nyuzi za kiume zinatokeza nje sana. Hii ya maua ni tabia ya ukoo, haibadiliki hata uupande kwenye ndoo.

HATUA YA PILI: chagua mmea na jani la kupima.
Watu wengi wanaharibu hapa. Usichukue mche. Sisalana ikiwa changa inakuwaga na meno madogo pembeni, ikikua majani mapya yanatoka bila meno, kwa hiyo ukipima mche utasema ni angustifolia (ule wenye meno, tutamwona hatua ya tatu) na utakuwa umejidanganya mwenyewe. Tafuta mmea mkubwa, ulioota juani, halafu chukua jani la katikati, sio lile la chini lililoanza kukauka na sio yale machanga ya kileleni yaliyosimama bado yamejikunja. Wa chini ya mwembe au mninga usiupime kabisa, kivuli kinarefusha majani, kinayalegeza na ile rangi ya bluu bluu inapungua. Na vumbi la kiangazi cha Septemba hapa Tabora mnalijua, futa jani kwanza upande mmoja, ila sio kwa nguvu maana ule unga mweupe ni nta, ukiufuta ukaisha utasema jani ni la kijani kumbe umelivua nguo.

Vaa glavu. Maji ya mkonge yana fuwele ndogo za sindano, yanawasha vibaya, na usipeleke mkono machoni.

HATUA YA TATU: pima, usikadirie.
Futi kamba inatosha. Andika urefu wa jani, upana pale palipo panapana zaidi, urefu wa meno, umbali wa jino hadi jino, urefu wa mwiba wa mwisho. Alafu sasa linganisha.

Meno hakuna, jani la kijani, urefu mita 1 na kidogo, upana sentimita 9 hadi 12, hiyo ni sisalana. Huyu alipewa jina na Henry Perrine mwaka 1838, daktari wa Marekani aliyekuwa konseli kule Campeche, Meksiko.

Meno yapo, madogo ya milimita 2 hadi 5, yamepangana kwa utaratibu kingo nzima, jani jembamba mara nyingi chini ya sentimita 10, kijani hafifu kwenda majivu, hiyo ni Agave angustifolia. Hii ndo ile yenye kingo nyeupe inayopandwa kwenye maua ya maofisi na mahoteli, na ile ya kijani tupu ni huyo huyo. Ana ndugu yake Agave fourcroydes wa Yucatán ambaye jani ni refu na pana zaidi, na shina linaweza kwenda juu kama kimo cha mtu. Hawa wawili ni wa kundi moja na kutenganisha kwa picha ni kazi bure, msinitumie.

Jani kubwa nene, mita 1 hadi 2, upana sentimita 15 hadi 25, majivu ya bluu, meno makubwa yanayofika sentimita 1, na mwiba wa mwisho sentimita 3 hadi 5, huyo ni Agave americana. Angalia mgongo wa jani utaona alama za meno ya jani jirani zimejichora, kwa sababu majani yalikaa yamebanana kabla ya kufunguka, mi naipenda sana hiyo alama. Vitoto juu ya mlingoti kwake ni vya nadra, anatoa machipukizi chini. Mwenye kingo za njano ni huyu pia. Kwa hiyo kingo nyeupe na kingo za njano, jani jembamba na jani nene, msichanganye.

Sasa kuna huyu anayetutesa: meno hakuna kama sisalana, ila jani ni la bluu bluu na majani ni mengi kupita kawaida. Huyo ana uwezekano mkubwa kuwa chotara 11648, aliyetengenezwa kituo cha Mlingano, Tanga, kwa kuchanganya Agave amaniensis na angustifolia halafu mtoto akarudishwa kwa amaniensis. Sisalana maisha yake yote inatoa majani kama 200 hadi 250, huyu anapita 600. Chotara hana ukurasa wake kwenye kitabu cha spishi, kwa hiyo mwandikeni kama chotara, msimlazimishe kwenye jina la mzazi mmoja.

HATUA YA NNE: subiri mlingoti.
Najua hamtaki kusikia. Lakini mpangilio mkubwa wa Agave unaanzia hapo, kuna zile zenye mlingoti wenye matawi, na zile ambazo maua yamebana kwenye mlingoti bila matawi. Hizi zetu za mashambani zote zina matawi. Ile ya bustani yenye majani laini bila mwiba na mlingoti unaopinda chini, Agave attenuata, ni wa upande wa pili. Mwaka 1982 Howard Scott Gentry, mtaalamu wa mimea wa Marekani, aliwapanga hawa wenye matawi kwenye makundi, akaweka sisalana kundi moja, americana jingine, angustifolia na fourcroydes pamoja, na alitumia sana maua. Pasua ua moja kwa urefu, piga picha na rula pembeni. Ua la americana ni kubwa, linaanzia sentimita 7, la sisalana na angustifolia ni 5 hadi 6 na nusu.

Ukiwa unahifadhi sampuli usibane jani zima, litaoza kwenye gazeti. Kata vipande vitatu, ncha, katikati na kitako, pasua kila kipande, kwangua nyama ya ndani ubaki na ngozi yenye kingo, badilisha magazeti kila siku. Na andika mahali, tarehe, udongo, rangi ikiwa mbichi. Sampuli bila maelezo ni kuni.

MASWALI

Mdau wa Nzega: Mwalimu shikamoo. Ua wangu una mikonge ya aina mbili, mmoja unapukutisha vitoto kibao kutoka juu na mwingine hauna hata kimoja. Hiyo si tofauti tosha?

Jibu: Marahaba kijana. Inasaidia ila haitoshi, maana sisalana, angustifolia na Furcraea wote wanatoa vitoto. Kama huo usio na vitoto una jani pana lenye meno makubwa, hapo unaelekea americana. Pima kwanza ndo uniambie.

Mfugaji nyuki, Sikonge: Nyuki wangu wamejaa kwenye mlingoti wa mkonge, nipande mingi nipate asali?

Jibu: Maua ya mkonge yana maji matamu mengi sana, nyuki hawajakosea. Shida kila mmea unatoa maua mara moja unakufa, na unakaa miaka mingi kabla ya kufika huko. Ubaki na miombo yako kaka, mkonge uwe ua wa kuzuia ng'ombe. Ila kabla mlingoti haujakauka nikatie maua matano tafadhali.

Mwalimu wa baiolojia, Kigoma: Nina mmea hauna meno, nimesema sisalana, ila una matunda na ndani kuna mbegu nyeusi na nyeupe zimechanganyikana. Imekaaje hii?

Jibu: Mbegu nyeusi ndo nzima, nyeupe ni tupu, hiyo ni kawaida kwa Agave. Sisalana kutoa tunda ni nadra sana ingawa inatokea, kwa mfano mlingoti ukikatwa. Kwa hiyo jiulize mawili. Mlingoti ulikatwa au kuvunjika? Kama hapana, angalia rangi ya jani, likiwa la bluu bluu mi ningeandika chotara au amaniensis na alama ya kuuliza mbele. Panda hizo nyeusi. Miche ya mbegu ikitofautiana yenyewe kwa yenyewe kwenye bedi moja, udongo mmoja, jua moja, hiyo tofauti ni ya ukoo na mzazi alikuwa na damu iliyochanganyika. Wanafunzi wako watajifunza zaidi hapo kuliko kwenye ubao.

Mdau wa Ujiji: Wanasema tekila inatoka kwenye mkonge, tunaweza kukamua huu wetu?

Jibu: Tekila ni Agave tequilana, kundi moja na angustifolia, ila sio huu wako. Nimesema maji ya mkonge yanawasha mkono, sasa wewe unataka kuyapeleka kooni. Acha kabisa.

Dada wa Kaliua: Mi nina picha tu, niliipiga nikiwa kwenye basi, inaonekana majani na mlingoti kwa mbali. Naandika nini?

Jibu: Andika Agave, weka mahali na tarehe, jina la pili acha wazi. Ukipita tena mwambie konda akushushe, uangalie kama maua yanatazama juu au chini, maana kwa mbali hivyo inaweza hata isiwe Agave.