Compiz kwenye MATE: jinsi ya kuwasha madoido ya madirisha hatua kwa hatua

Mtu akiona skrini ya Linux imegeuka mchemraba unaozunguka, swali lake la kwanza huwa moja: laptopu yangu itayamudu hayo? Mara nyingi itayamudu. Compiz, programu inayofanya kazi hiyo, ilitolewa mwaka 2006 na David Reveman akiwa Novell, na ilitengenezwa kwa kadi za grafiki za wakati ule. Laptopu iliyotumika ya miaka kumi iliyopita, hata ikiwa na grafiki za Intel zilizomo ndani ya prosesa, inazizidi zile mbali sana. Kinachowashinda wengi si mashine. Ni kuwasha plagini (vipande vidogo vinavyoiongezea Compiz kazi) kumi kwa mpigo, madirisha yakaanza vituko, na isijulikane ni ipi iliyoleta balaa.

Mwongozo huu ni wa Ubuntu MATE (MATE ni mazingira ya eneo-kazi: paneli, menyu na mipangilio yake), au Ubuntu ya kawaida uliyoiwekea MATE. Mimi hufundisha kompyuta darasani na projekta huwa imewashwa muda wote, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye plagini zinazosaidia macho ya watu, na zile za kupendezesha nitazipitia kwa haraka.

Inavyofanya kazi

Kidhibiti madirisha ndicho kinachoamua dirisha likae wapi, liwe na ukubwa gani, na lipi liwe juu ya lingine. MATE huja na kidhibiti chake kiitwacho Marco. Compiz humwondoa Marco na kushika nafasi yake, kisha hubadilisha jambo moja kubwa: dirisha halichorwi moja kwa moja kwenye skrini, bali huchorwa kwanza pembeni, ndani ya kumbukumbu. Compiz huichukua picha hiyo na kuibandika juu ya umbo la OpenGL, njia ambayo programu huitumia kuiagiza kadi ya grafiki ichore. Ikishabandikwa, unaweza kuipinda, kuikuza, kuizungusha au kugeuza rangi zake, na programu iliyomo dirishani haina habari.

Kila plagini ina kazi yake moja katika hizo. Hata kule kusogeza dirisha kwa kipanya, ambako umekuzoea tangu siku ya kwanza, katika Compiz ni plagini. Lishike hilo, utalihitaji hatua ya 4.

Hatua ya 1: Hakikisha uko kwenye X11

X11 na Wayland ni mifumo miwili ya Linux ya kuonyesha madirisha kwenye skrini. Fungua terminali uandike:

`echo $XDG_SESSION_TYPE`

Ikijibu `x11`, endelea. Ikijibu `wayland`, Compiz haitafanya kazi hapo. Toka kwenye akaunti yako, na kwenye skrini ya kuingilia chagua MATE. Anayetaka kubaki Wayland aitafute Wayfire: imefuata nyayo za Compiz, ina mchemraba wake na madirisha yake yanayonesanesa, ila mipangilio yake inaandikwa kwenye faili la `wayfire.ini`.

Hatua ya 2: Kagua grafiki

`sudo apt install mesa-utils`
`glxinfo -B`

Tazama mistari miwili tu. Penye "direct rendering" pawe na Yes. Penye "OpenGL renderer string" soma kwa makini: ukiona jina la Intel, AMD au NVIDIA, mambo ni sawa. Ukiona `llvmpipe`, simama hapo hapo. Maana yake kadi ya grafiki haitumiki, na prosesa ndiyo inayochora kila kitu. Ukiendelea hivyo, feni itavuma, kipanya kitakokota, na utailaumu Compiz bure. Shughulikia draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya grafiki, kwanza. Kama unajaribia ndani ya VirtualBox, zima mashine pepe, nenda kwenye mipangilio yake ya skrini, uwashe uongezaji kasi wa 3D.

Hatua ya 3: Sakinisha

`sudo apt update`
`sudo apt install compiz compiz-mate compiz-plugins compizconfig-settings-manager mate-tweak`

Hicho kifurushi chenye jina refu ndicho dirisha la mipangilio; watu humwita CCSM tu. Kwenye Debian na ndugu zake majina ya vifurushi hayafanani yote na haya, basi anza na `apt search compiz` uone yaliyopo. Mpaka hapa hakuna kilichobadilika kwenye skrini yako.

Hatua ya 4: Plagini za msingi kabla ya madoido

Hapa ndipo wengi hukwama, tena kwa jambo dogo. Andika `ccsm` kwenye terminali, kisha hakikisha hizi zina tiki:

- "Composite" na "OpenGL"
- "Window Decoration"
- "Move Window", "Resize Window" na "Place Windows"
- "Application Switcher"
- "MATE Compatibility", ukiikuta kwenye orodha

Ukisahau "Window Decoration", madirisha yote yatapoteza kichwa: hakuna jina juu, hakuna kitufe cha kufunga, hakuna pa kushika. Ukisahau "Move Window", dirisha litaganda pale lilipofungukia. Ukisahau "Place Windows", kila dirisha jipya litajibana kwenye pembe ya juu kushoto, nusu yake chini ya paneli. Compiz haijaharibika. Imefanya ilichoambiwa, na hakuna aliyeiambia ishughulikie mambo hayo.

CCSM wakati mwingine itakuuliza: plagini hii inahitaji nyingine, niwashe? Kubali. Ikikwambia plagini mbili zinagombana, soma kabla ya kubofya, kwa sababu moja itazimwa.

Hatua ya 5: Jaribu kwanza

`compiz --replace ccp &`

Hiyo `ccp` ni plagini inayosoma mipangilio uliyoiweka kwenye CCSM. Skrini itapepesa kidogo, halafu madirisha yatarudi, mara nyingi yakiwa na vivuli pembeni. Usiifunge terminali hiyo, maana ukiifunga Compiz inaweza kuondoka nayo. Ukitaka kumrudisha Marco:

`marco --replace &`

Na skrini ikigoma kabisa? Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina na nenosiri lako kwenye ile skrini nyeusi, kisha:

`DISPLAY=:0 marco --replace &`

Rudi kwa Ctrl+Alt+F7, au Ctrl+Alt+F2 kama ni Ubuntu ya kawaida. Amri hiyo iandike kwenye karatasi kabla hujaanza kuchezea chochote. Siku utakayoihitaji, hutaweza kufungua ukurasa wa kuitafuta.

Hatua ya 6: Madoido ya kupendezesha, moja baada ya jingine

Washa moja, itumie kwa muda, ndipo uongeze nyingine.

Anza na mchemraba. Ndani ya CCSM fungua "General Options", kisha "Desktop Size". Weka "Horizontal Virtual Size" iwe 4 na "Vertical Virtual Size" iwe 1. Sasa washa "Desktop Cube" na "Rotate Cube". Utaulizwa kama "Desktop Wall" izimwe. Kubali, hizo mbili hazikai pamoja. Shika Ctrl+Alt na kitufe cha kushoto cha kipanya, uburute: skrini itazunguka. Ctrl+Alt na mishale ya kushoto na kulia hukupeleka upande unaofuata. Mchemraba usipotokea, rudi kwenye ile namba 4. Ukiweka 2 unapata kitu bapa chenye pande mbili, ukiweka 3 unapata umbo la pembetatu.

Halafu "Wobbly Windows", na hii nakuomba uitazame vizuri. Buruta dirisha kwa kichwa chake, polepole, halafu simama ghafla. Sehemu uliyoishika inasimama papo hapo, lakini pembe za chini zinaendelea mbele, zinarudi, zinapita tena kidogo, ndipo zinatulia, kama shuka iliyoanikwa upepo unapokata. Dirisha limegawanywa kuwa gridi ya nukta 4 kwa 4, na kila nukta imeunganishwa na jirani zake kwa springi za kihesabu. Kipanya kimeikamata nukta moja, na nyingine zinavutwa kupitia springi hizo. Ndiyo maana dirisha hunesa tofauti ukilishika pembeni na ukilishika katikati.

Mipangilio miwili ndiyo yenye uzito hapo: "Spring K", yaani ukakamavu wa springi, na "Friction", yaani msuguano. Ukiongeza msuguano, dirisha linatulia mapema. Ukiupunguza mno, litanesanesa mpaka likuudhi. Mimi huacha springi ilivyo na kupandisha msuguano kidogo kidogo hadi mtikisiko usikike mkononi bila kunichelewesha kusoma.

"Animations" ni za kufungua, kufunga na kushusha madirisha. "Magic Lamp" kwenye kushusha ina faida ya kweli: dirisha hunyonywa kuelekea kitufe chake kwenye paneli, na anayejifunza huona kwa macho limekwenda wapi. Kuunguza dirisha kwa moto wakati wa kulifunga kunafurahisha siku ya kwanza. Lolote utakalochagua, shusha muda wake uwe karibu na milisekunde 200. Doido la nusu sekunde linalojirudia kwenye kila menyu hulifanya eneo-kazi zima lionekane zito, hata kama mashine ni nyepesi.

Hatua ya 7: Plagini zinazosaidia macho

Kwangu hizi ndizo sababu ya kuiweka Compiz. Kama utawasha tatu tu, nakushauri zitoke hapa.

"Enhanced Zoom Desktop": shika kitufe cha Super, kile chenye nembo ya Windows, uzungushe gurudumu la kipanya. Skrini yote inakua na kukifuata kipanya. Mwanafunzi aliyekaa nyuma anaisoma menyu bila kuinuka, na mzee ambaye macho yamepungua anajaza fomu yake mwenyewe bila kusomewa. Mruko wa ukuzaji ukiwa mkubwa, punguza "Zoom factor" ifike 1.1, na weka tiki kwenye "Filter Linear" ili kingo za herufi zilainike. Kumbuka tulichosema mwanzo: Compiz inakuza picha ya dirisha, haiandiki herufi upya, hivyo ukikuza sana zitakuwa na ukungu. Anayehitaji herufi kubwa siku nzima aongeze ukubwa wa fonti kwenye MATE yenyewe, na ukuzaji huu autumie kwa kuchungulia.

"Negative": Super+N hugeuza rangi za dirisha moja, Super+M za skrini nzima. Faili la PDF lenye kurasa nyeupe, usiku, taa zimezimwa, linageuka maandishi meupe juu ya weusi. Haijalishi programu ina mandhari ya giza au haina.

"Annotate" ndiyo niipendayo kuliko zote. Shika Super+Alt, buruta kwa kitufe cha kushoto, na unachora juu ya chochote kilichopo: unazungushia kitufe, unapiga mstari chini ya neno, unachora mshale kutoka menyu hadi mahali pa kubofya. Kitufe cha kulia kinafuta, Super+Alt+K inasafisha yote. Darasani inamaliza kabisa ule usumbufu wa "hapo juu, hapana, pembeni yake". Chagua rangi nyekundu na mstari mnene, kwa sababu projekta nyingi hufifiza mistari myembamba.

Ongeza na "ADD Helper": Super+P hufifiza madirisha yote isipokuwa lile unalolitumia, na macho ya darasa zima yanakwenda panapotakiwa. "Scale", inayotandaza madirisha yote yaliyo wazi ili uchague, na "Expo", inayoonyesha maeneo-kazi yote kwa Super+E, utazizoea zenyewe.

Hatua ya 8: Ifanye iwe ya kudumu

Ukiridhika, fungua MATE Tweak, nenda sehemu ya "Windows", uchague Compiz kuwa kidhibiti madirisha. Anayependa terminali:

`gsettings set org.mate.session.required-components windowmanager compiz`

Toka kwenye akaunti uingie tena. Kumrudisha Marco ni amri ile ile, mwishoni uandike `marco` badala ya `compiz`.

Video zikionekana kukatika kwa mlalo, ingia plagini ya "OpenGL" uhakikishe "Sync To VBlank" ina tiki. Michezo inayojaza skrini ikiwa mizito, ndani ya "Composite" washa "Unredirect Fullscreen Windows". Hapo Compiz inaliachia dirisha lililojaza skrini nzima lichorwe moja kwa moja.

Hatua ya 9: Hifadhi kazi yako

Kwenye CCSM bofya "Preferences", kisha "Export", uhifadhi faili la wasifu nje ya laptopu, kwenye flashi au pengine popote. Mipangilio ikivurugika kiasi cha kutofahamika, amri hii hurudisha Compiz kama ilivyokuwa siku ya kwanza:

`dconf reset -f /org/compiz/`

Iendeshe ukiwa umesharudi kwa Marco, kisha pitia hatua ya 4 upya au uingize ule wasifu kwa "Import".

Wasifu huo huo unafaa kwa mashine nyingine za darasa au ofisi zenye toleo lile lile la Ubuntu. Sakinisha kwanza vifurushi vya hatua ya 3, ingiza wasifu, halafu jaribu kwa `compiz --replace ccp &` kabla ya kuifanya iwe ya kudumu. Na kwenye kila mashine usiiruke hatua ya 2, kwa kuwa laptopu mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na kadi tofauti ndani.