Kufungua makao ya wazee mtaani Nairobi: anza na taito, kaunti baadaye

Kibali cha kaunti cha kubadilisha matumizi ya ploti hakifuti sharti lililo kwenye taito, yaani hatimiliki ya ardhi. Hapo ndipo wengi hujikwaa: wamepewa ruhusa, vitanda vimeshushwa, kisha jirani anatoa karatasi ya zamani inayosema ploti ni ya "nyumba moja ya familia moja" na kwenda mahakamani.

Kwa hiyo fanya sachi kwanza, yaani ukague rekodi za ploti, kupitia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni. Matokeo ya sachi yatakuonyesha tu kwamba kuna sharti. Maneno yenyewe yamo kwenye lizi (mkataba wa kukodisha ardhi) au hati ya mauziano, basi itafute uisome mstari kwa mstari. Unachotafuta ni nani analindwa na sharti hilo. Kama ni serikali iliyotoa lizi, utaomba masharti ya lizi yarekebishwe na kusajiliwa, na ujue kodi ya ardhi huenda ikakadiriwa upya. Kama ni wenye ploti wenzako, ni wao wa kuombwa.

Wafikie mapema, hasa mitaa kama Karen na Runda ambako vyama vya wakazi haviko usingizini. Nimeketi kwenye mikutano hii na shangazi yangu. Hakuna aliyewaogopa wazee. Waliuliza shimo la maji taka litabeba watu wangapi, na magari ya wageni Jumapili yataegeshwa wapi. Nenda na majibu. Wala usiombe sharti lifutwe lote, maana jirani ataona ghorofa kumi mbele yake. Omba mwanya mwembamba: wazee wasiozidi kumi na wawili, jengo libaki kimo kilekile. Wakikubali, wakili huandika hati ya kurekebisha sharti, wote wanaolindwa nalo hutia sahihi, kisha inasajiliwa. Kama taito iko benki kwa mkopo, benki nayo ikubali.

Mmoja akikataa kabisa, mlango uliobaki ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hoja yenye uzito huko ni kwamba mtaa umebadilika kiasi kwamba sharti limepitwa na wakati, au kwamba badiliko halimdhuru yeyote. Kifungu cha 57 cha Katiba, kinachohusu haki za wazee, kitajwe, ila peke yake hakitoshi.

Ombi la kaunti linaongozwa na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 (Physical and Land Use Planning Act). Huandaliwa na mtaalamu wa mipango miji aliyesajiliwa, na huambatana na tangazo gazetini na bango langoni. Wenye pingamizi hupewa siku 14. Bango la shangazi lilikuwa karatasi kwenye plaiwudi. Mvua ya Aprili ikaliosha hadi likabaki doa la wino wa buluu, na jirani akaandika kwamba hakuwahi kusoma chochote. Tulianza upya. Liandikwe kwa rangi ya mafuta, na upige picha yenye tarehe kila wiki.

Sheria inasema ukikaa siku 60 bila jibu la maandishi, ruhusa huhesabiwa imetolewa. Mimi nisingejenga hata ukuta kwa kutegemea kimya hicho. Ningeandika barua na kudai jibu. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya uhusiano ya kaunti, inayosikiliza rufaa za mipango, na baada ya hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi ileile.

Hati ya kurekebisha sharti ikisajiliwa, fanya sachi nyingine kabla ya kununua kitanda cha kwanza.