Databesi, netiweki na programu chuoni: soma zote tatu kwa daftari moja la madeni

Hii ni kwa mnaoanza diploma ya IT au kompyuta sayansi, hasa wewe uliyetoka shule ambayo kompyuta ilikuwa ya mwalimu mkuu tu. Mimi semista ya kwanza nilisoma databesi (kutunza taarifa kwa mpangilio), netiweki (kuunganisha kompyuta) na programu kama masomo matatu yasiyojuana, kila moja na madesa yake, nikakariri maana za maneno kurasa kwa kurasa, halafu mtihani ukaja unasema tengeneza databesi ya zahanati nikabaki naiangalia karatasi. Nikapata sapu, yaani kurudia mtihani. Kilichonitoa ni kushika kazi moja ndogo na kuyasoma masomo yote matatu humo humo.

Kazi yenyewe ni daftari la madeni la duka la mtaani kwenu. Muombe mwenye duka akuonyeshe kurasa mbili tatu, usipige picha majina ya watu, angalia tu anavyoandika.

Anza na databesi, na anza kwa penseli, laptop weka pembeni kwanza. Utaona mama Asha kakopa mara kumi na jina lake na namba ya simu vimeandikwa mara kumi, sasa akibadili laini inabidi urekebishe sehemu kumi na ukisahau moja tayari una mama Asha wawili. Kuondoa kurudia rudia huko ndo normalaizesheni ambayo watu wanaiogopa, ni hiyo hiyo tu. Wateja wawe na jedwali lao, bidhaa lao, madeni lao, na kwenye madeni usirudie jina, weka namba ya mteja na namba ya bidhaa basi. Ila bei hapa ndo wengi tunakosea, ukiiacha kwenye jedwali la bidhaa peke yake siku sukari ikipanda na madeni ya mwezi uliopita yote yanapanda na mwenye duka atagombana na wateja, kwa hiyo bei ya siku ile iandike kwenye deni lenyewe. Ukielewa kwa nini, umeelewa databesi kuliko mtu aliyekariri zile hatua tatu za normalaizesheni. Wazo hili la majedwali alilitoa Edgar Codd wa IBM mwaka 1970 na mpaka leo benki zinalitumia, kwa hiyo muda utakaoweka hapa haupotei.

Halafu programu. Lugha ya Python inakuja na SQLite, databesi ndogo, ndani yake, hudaundlodi kitu kingine, na kama huna laptop simu ya Android yenye Termux, app ya kuandikia amri ambamo unaweza kuweka Python, inatosha kuanzia. Andika programu inayofanya mambo matatu tu, kuingiza deni, kupunguza deni, kuonyesha nani anadaiwa shilingi ngapi. Chuo kikianza na lugha ya C sawa, fanya mazoezi ya C kwa ajili ya mtihani, lakini daftari lako endelea nalo. Usikopi na kupesti, charaza kila mstari mwenyewe, na ikigoma soma mstari wa mwisho wa ujumbe wa kosa kwanza maana Python inasema tatizo pale chini kabisa. Na kila wiki andika programu moja kwenye karatasi bila kompyuta, mitihani mingi bado ni ya karatasi jamani.

Netiweki sasa. Washa hotspoti ya simu, unganisha laptop, kwenye Windows fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri), andika ipconfig uone anwani yako, ile ya IPv4, kisha humo humo, ukiwa kwenye folda yoyote, andika python -m http.server na kwenye brauza ya simu weka ile anwani ikifuatiwa na :8000. Mafaili ya laptop yanaonekana kwenye simu na kuyafungua hakuli bando, kwa sababu hamjatoka nje kwenda intaneti. Isipofunguka angalia faiawoli ya Windows, ule ulinzi unaozuia vifaa vingine kuingia. Hapo ndo utaelewa seva ni nini (laptop inayotoa mafaili), kliyenti ni nini (simu inayoyaomba) na poti ni nini (ile 8000, mlango wa kuingilia).

Sabneti lakini, yaani kugawa netiweki moja kuwa mafungu madogo, haina njia ya mkato, fanya maswali mawili kila siku mkono ukiwa na kalamu. Mfano 192.168.10.77/26: anwani ina biti 32 na /26 ni biti za netiweki, 32 toa 26 ni 6, mbili ikijizidisha mara sita ni 64, basi kwenye namba ya mwisho mafungu yanaanzia 0, 64, 128, 192. 77 iko fungu la 64, 64 ni ya netiweki yenyewe, brodikasti (anwani ya kutumia wote kwa pamoja) ni 127, za kugawia mashine ni 65 hadi 126, jumla 62. Ukiifanya mwezi mmoja utaijibu kwenye daladala.

Diskasheni nendeni watu watatu au wanne, zaidi ya hapo mnapiga stori. Kila mtu aje na swali lililomshinda na aonyeshe alipofikia. Wiki hii nenda dukani, omba lile daftari, chora majedwali yako matatu kabla hujagusa kompyuta.